Barua pepe zako zikiwa mikononi mwa Marekani, nani anakusemea?

Chukua ndugu wawili waliokaa barazani Tanga baada ya alasiri, kila mmoja na simu yake, wote wakitumia waifai moja ya nyumbani. Kaka mtu anaishi Minneapolis kule Marekani, ana grini kadi, yaani kibali cha ukazi wa kudumu, amekuja likizo. Mdogo wake hajawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Wote wawili wana akaunti za Gmail, na jioni hiyo wanatumiana picha za mama yao aliyelazwa.

Mbele ya sheria ya Marekani inayosimamia ujasusi wa mawasiliano, ndugu hawa hawako daraja moja. Kaka, kwa ile kadi yake tu, anahesabiwa kuwa mtu wa Marekani popote alipo duniani. Serikali ya kule ikitaka kumlenga na kusoma barua pepe zake, lazima ipeleke ombi linalomhusu yeye mwenyewe kwa jaji na kutoa sababu za kuridhisha. Mdogo mtu hana jaji wa namna hiyo. Mchambuzi wa ujasusi akiona kwamba anwani yake inaweza kutoa taarifa zenye manufaa, anaiingiza kwenye mfumo, na kampuni inayotunza akaunti inalazimika kukabidhi kilichomo.

Nimeanzia barazani kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu faragha mtandaoni huishia kwenye swali moja: hivi kweli wananisoma? Hilo mimi na wewe hatuna njia ya kulijibu, na huenda tusiipate kamwe. Linalojibika, na ndilo ninalolijali zaidi, ni hili: wakitaka kunisoma, nani yupo wa kuwazuia?

Sheria yenyewe ilizaliwa kutokana na malalamiko ya Wamarekani. Mwaka 1975 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilianika jinsi vyombo vya usalama vya nchi hiyo vilivyokuwa vikiwapeleleza raia wake wenyewe, wakiwemo viongozi wa harakati za haki za watu weusi. Miaka mitatu baadaye, 1978, ikatungwa sheria ya upelelezi wa kigeni inayojulikana kwa kifupi kama FISA, pamoja na mahakama maalumu ya siri ya kuisimamia. Ukiukumbuka mwanzo huo, mengi yanayofuata yanaeleweka. Ukuta ulijengwa kumlinda mwenye nyumba dhidi ya serikali yake. Jirani hakuwa sehemu ya mazungumzo.

Mwaka 2008 Bunge la Congress liliongeza kwenye sheria hiyo kifungu cha 702, na hicho ndicho kinachomgusa mdogo wetu wa Tanga. Masharti yake makuu ni matatu. Anayelengwa asiwe mtu wa Marekani. Awe nje ya Marekani. Na lengo liwe kupata taarifa za kijasusi za kigeni. Kila mwaka Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa hupeleka kwenye ile mahakama, yenye majaji 11, hati zinazotaja aina za taarifa zinazotafutwa, pamoja na kanuni za kuchagua walengwa na za kutunza kinachokusanywa. Majaji hupitia hizo kanuni. Orodha ya watu haiji mbele yao, na hakuna anayewaeleza kwa nini huyu amechaguliwa na yule akaachwa.

Maneno "taarifa za kijasusi za kigeni" nayo ni mapana kuliko yanavyosikika. Ugaidi umo, silaha za maangamizi zimo, lakini zimo pia taarifa zinazohusu uendeshaji wa mambo ya nje ya Marekani. Kwa hiyo mtu hahitaji kushukiwa kosa lolote. Mwandishi wa habari anayewasiliana na waasi wa mashariki ya Congo, afisa wa wizara anayeandaa msimamo wa nchi yake kwenye mazungumzo ya biashara, mhandisi aliyemo kwenye mradi wa bandari: wote wanaweza kuingia humo bila kufanya jambo baya hata moja.

Watu wengi hudhani kwamba kuna mashine inayosikiliza dunia nzima ikisubiri mtu ataje neno "bomu". Chini ya kifungu cha 702 kazi haifanyiki hivyo. Kinachoingizwa kwenye mfumo ni kitambulisho cha mawasiliano, yaani anwani ya barua pepe au namba ya simu. Kutoka hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kampuni: serikali inaipa kampuni ya Kimarekani agizo, na kampuni inatoa barua pepe, mazungumzo na mafaili ya akaunti hiyo. Hii ndiyo PRISM, ambayo dunia iliisikia tarehe 6 Juni 2013, magazeti ya The Guardian na The Washington Post yalipochapisha nyaraka zilizotolewa na Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi ya mkataba kwenye shirika la ujasusi la NSA. Kwenye nyaraka hizo Microsoft ilionekana kuingia mwaka 2007, Yahoo 2008, Google na Facebook 2009, Apple 2012. Njia ya pili ni mikongo yenyewe: mawasiliano yananaswa yakiwa safarini, kwenye njia kuu za intaneti, kwa ushirikiano wa lazima wa kampuni za simu.

Idadi ya walengwa hutangazwa na serikali yenyewe kila mwaka. Mwaka 2013 walikuwa 89,138. Mwaka 2022 walifika 246,073, na mwaka uliofuata 268,590. Mlengwa mmoja anaweza kuwa mtu au kikundi, na kila mlengwa ana watu anaoandikiana nao. Hapo ndipo kaka mwenye grini kadi anaporudi kwenye picha. Yeye halengwi. Ila mdogo wake akilengwa, kila alichomwandikia mdogo wake kinanaswa pia, kinaingia ghalani na kwa kawaida kinaweza kukaa humo miaka mitano.

Jambo hilo limewakasirisha Wamarekani, na wana haki ya kukasirika. Tarehe 12 Aprili 2024 Baraza la Wawakilishi lilipigia kura pendekezo la kuwalazimisha maafisa wapate kibali cha jaji kabla ya kutafuta mawasiliano ya Mmarekani ndani ya ghala hilo. Kura zilifungana 212 kwa 212, na pendekezo likaanguka. Siku chache baadaye kifungu kikaongezewa uhai wa miaka miwili. Nilifuatilia mjadala ule kwa karibu, na kilichonikaa moyoni ni kwamba pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya kaka. Juu ya mdogo wake hakukuwa na ubishi. Kwamba anaweza kusomwa bila kibali lilikuwa jambo ambalo wote walilichukulia kuwa limekwisha.

Na kifungu cha 702 ndicho chenye kanuni nyingi. Kando yake ipo amri ya rais namba 12333, iliyotiwa saini na Ronald Reagan Desemba 1981, inayotoa mwongozo kwa ujasusi unaofanyika nje ya ardhi ya Marekani. Huko hata ile mahakama ya siri haihusiki. Oktoba 2013 ilifichuka kwamba NSA, ikishirikiana na wenzao wa Uingereza wa GCHQ, ilikuwa ikichota data kwenye nyaya zinazounganisha vituo vya kompyuta vya Google na Yahoo nje ya Marekani. Kampuni ilikuwa na mlango wa mbele wa kisheria, yaani PRISM, na huku nyuma ya nyumba bomba lilikuwa limetobolewa. Baada ya ufichuzi wa Snowden, Google iliharakisha kuzifumba data zinazosafiri kati ya vituo vyake yenyewe, yaani kuzigeuza zisisomeke bila ufunguo.

Kwetu kuna kumbukumbu ya karibu zaidi. Mei 2014 chombo cha habari cha The Intercept, kikitumia nyaraka za Snowden, kilieleza programu ya NSA iitwayo MYSTIC. Kule Bahamas ilikuwa ikirekodi sauti za simu za mkononi za nchi nzima na kuziweka mpaka siku 30. Kenya ilitajwa pamoja na Mexico na Ufilipino kama nchi ambazo programu hiyo ilikuwa ikikusanya metadata zake, yaani kumbukumbu za simu: nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, bila sauti.

Bila sauti, mtu atasema, basi kuna ubaya gani? Tuangalie kumbukumbu za siku moja. Saa mbili asubuhi umepiga namba ya maabara ya hospitali, dakika tatu. Saa mbili na dakika sita umempigia mama, dakika arobaini. Saa nne umempigia mtu ambaye hujampigia tangu mwaka juzi, simu haikupokelewa, ukarudia mara tano. Mchana wote hujapiga wala kupokea. Usiku umempigia sheikh, au padri. Hakuna neno hata moja lililosikika hapo, na siri yako yote imekwisha kusomwa. Ndiyo maana sikubaliani na kauli ya "mimi sina la kuficha". Kila mtu ana mlango anaoufunga, na kuufunga mlango si kukiri kosa.

Sasa turudi kwenye swali la nani anamsemea mgeni. Mahakama za nchi tofauti zimetoa majibu yanayogongana, na mgongano huo ndio kiini cha jambo hili.

Jibu la Marekani lilitoka mwaka 1990, kabla ya watu wengi kuijua intaneti. Maafisa wa Kimarekani wa kupambana na dawa za kulevya walipekua nyumba za raia wa Mexico, zilizoko Mexico, bila kibali cha jaji. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa ameshikiliwa Marekani. Mahakama ya Juu, kwenye kesi iitwayo United States dhidi ya Verdugo-Urquidez, iliamua kwamba Marekebisho ya Nne ya Katiba, yanayokataza upekuzi usio na msingi, hayalindi mali ya mgeni asiye mkazi iliyoko nje ya nchi. Jengo zima la upelelezi wa wageni kwenye mtandao limesimama juu ya fikra hiyo: kwamba kinga ya katiba inatokana na uhusiano wa mtu na nchi. Mdogo wetu wa Tanga hana uhusiano huo, ana akaunti tu.

Wajerumani wamesema kinyume. Tarehe 19 Mei 2020 Mahakama ya Katiba iliyoko Karlsruhe iliamua kesi iliyofunguliwa na waandishi wa habari, wengi wao wakiwa wageni wanaofanya kazi nje ya Ujerumani. Walilalamikia sheria iliyoiruhusu idara ya ujasusi ya nchi hiyo, BND, kunasa mawasiliano ya wageni ng'ambo. Majaji walisema kwamba dola ya Ujerumani inafungwa na haki za msingi hata inapomgusa mgeni aliye nje ya mipaka yake. Bunge likatakiwa kuiandika sheria upya. Kwangu mimi hiyo ni moja ya hukumu zenye heshima kubwa kwa binadamu zilizotolewa karne hii, na inasikitisha kwamba huku kwetu haikuzungumzwa sana.

Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyoko Strasbourg ilifika karibu na hapo kwa njia nyingine, Septemba 2023. Mmarekani mmoja na Mwitaliano mmoja, wote wakiishi nje ya Uingereza, walidai kwamba huenda mawasiliano yao yamenaswa na GCHQ. Uingereza ikajibu kwamba wako nje ya nchi, kwa hiyo haiwajibiki kwao. Mahakama ikasema: mawasiliano yalinaswa, yakatafutwa, yakachambuliwa na kutumika ndani ya Uingereza, basi faragha yao imeguswa Uingereza, hata kama miili yao iko kwingine. Ukiitumia hoja hiyo kwa yule mdogo wetu, barua pepe zake zingempa kauli mahali zinaposomewa. Lakini mkataba ambao mahakama hiyo inausimamia ni wa nchi za Ulaya, Marekani haimo.

Kilichoweza kuitikisa Marekani kilikuwa biashara. Juni 2013, wiki chache tu baada ya PRISM kufichuka, mwanafunzi wa sheria wa Austria, Max Schrems, alipeleka malalamiko Ireland, ambako Facebook ina makao yake ya Ulaya. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: sheria za Ulaya zinasema taarifa zangu ziende tu kwenye nchi inayozilinda vya kutosha, na Marekani hailindi. Mwaka 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilimkubalia na kufuta mkataba wa Safe Harbour, uliokuwa ukiruhusu data kuvuka bahari. Mkataba wa pili, Privacy Shield, ukafutwa na mahakama hiyohiyo Julai 2020. Mei 2023 Meta, kampuni mama ya Facebook, ikatozwa faini ya euro bilioni 1.2 kwa kuendelea kuhamisha data za Wazungu kwenda Marekani.

Katikati ya sokomoko hilo, Oktoba 2022, Rais Biden alitia saini amri namba 14086. Mgeni akafunguliwa njia rasmi ya kulalamika. Anaanzia kwa mamlaka ya faragha ya nchi yake, malalamiko yanapelekwa Washington kwa afisa wa ulinzi wa haki za raia, na asiporidhika yanakwenda kwenye baraza jipya liitwalo Mahakama ya Mapitio ya Ulinzi wa Data. Hahitaji kuthibitisha kwamba alisomwa. Lakini jibu atakalopata lilikwisha kuandikwa hata kabla hajalalamika. Litamwambia, bila kukiri wala kukanusha kwamba aliwahi kupelelezwa, kwamba ama uchunguzi haukukuta ukiukaji wowote, ama umekuta na hatua stahiki zimeagizwa. Ni lipi kati ya hayo mawili, haambiwi.

Ni mlango mwembamba, na wenyewe unayumba, kwa sababu unasimama juu ya amri ya rais, ambayo rais mwingine anaweza kuifuta. Januari 2025 bodi huru iliyopewa kazi ya kukagua mfumo huo ilipoteza wajumbe watatu walioondolewa na Rais Trump, ikabaki bila akidi. Hata hivyo Septemba 2025 Mahakama ya Jumla ya Umoja wa Ulaya ilikataa ombi la kuufuta mkataba wa sasa wa data kati ya Ulaya na Marekani, uliochukua nafasi ya Privacy Shield, kwa hiyo mlango bado upo.

Upo kwa nani, basi? Amri inasema ni kwa mtu ambaye taarifa zake zimepelekwa Marekani kutoka nchi iliyoteuliwa. Walioteuliwa ni nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Iceland, Liechtenstein na Norway, kisha Uingereza, kisha Uswisi. Nchi ya Kiafrika haikuwamo. Mdogo wetu wa Tanga angetaka kulalamika, hata lile jibu lisilosema kitu asingelipata.

Zana za kujikinga zipo, na nisingependa kuzipuuza. Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp umefumbwa kutoka simu hadi simu, kiasi kwamba kampuni yenyewe haiwezi kuusoma ukiwa njiani. Lakini metadata hazifumbwi: nani unamwandikia na lini, vinabaki kujulikana. Tena wengi wetu tunahifadhi nakala ya mazungumzo kwenye Google Drive au iCloud bila kujua kwamba nakala hiyo haifumbwi mpaka wewe mwenyewe uingie kwenye mipangilio ya mazungumzo, sehemu ya hifadhi nakala, na kuwasha ufumbaji wake. Ifanye leo, na uandike nywila mahali salama, maana ukiipoteza hata wao hawataweza kukufungulia.

Sheria zetu za nyumbani zimekua pia. Katiba ya Kenya inataja faragha kwenye ibara ya 31, ya Tanzania kwenye ibara ya 16. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, Tanzania ikatunga ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na zote mbili zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Ulaya ilianza na sheria ya namna hiyohiyo. Tofauti ni kwamba Ulaya iliitumia, kesi kwa kesi, kwa miaka kumi, na ilikuwa na soko ambalo kampuni za Marekani zisingeweza kuliacha.

Ndani ya amri 14086 kuna maneno ambayo ningependa mabunge yetu yayasome taratibu. Inasema anayeteuliwa anaweza kuwa nchi moja moja, au jumuiya ya kiuchumi ya kikanda. Umoja wa Ulaya uliingia kwa njia hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ni jumuiya ya kiuchumi ya kikanda, na Arusha kuna watumishi, bunge na mahakama ya kulishughulikia jambo kama hili. Masharti ni kwamba uteuzi uendeleze maslahi ya Marekani, kwamba taarifa binafsi za kibiashara ziruhusiwe kwenda kule, na kwamba sheria za wanaoomba zitoe ulinzi unaofaa kwa taarifa za Wamarekani pale vyombo vyao vya ujasusi vinaponasa mawasiliano.

Sharti hilo la mwisho ndilo litakaloibana Jumuiya. Kabla hatujauliza Washington nani anamlinda mdogo wa Tanga, Dodoma, Nairobi, Kampala na Kigali zitatakiwa kuonyesha kwenye karatasi ni jaji gani anatoa kibali, taarifa zinatunzwa kwa muda gani, na ni watu wangapi wamelengwa mwaka jana. Marekani, pamoja na yote niliyoyaandika hapa, namba hiyo huichapisha kila mwaka. Ya kwetu, anayekaa barazani pale hajawahi kuisoma popote.